Kwa Nini Mwenye Nyoka Anataka Panya Aliyekwisha Kufa: Historia Yake Tangu London Hadi Kwetu

Niliahidi kwamba wiki hii tutaendelea na uhifadhi wa mahindi, lakini naomba mnivumilie. Kuna simu niliyopigiwa Jumatatu ambayo bado haijanitoka kichwani.

Aliyepiga ni kijana anayefuga panya weupe katika kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake. Ana mnunuzi mmoja, mtu mwenye nyumba ya nyoka wa kuonyesha wageni, mwenye kibali chake. Kila mwezi kijana humpelekea panya waliogandishwa. Safari hii mnunuzi alifungua mfuko, akatazama, akaufunga, akamrudishia mzigo wote, panya 60. Panya walikuwa wameganda kwa rundo, kila mmoja amejikunyata chini ya mwenzake. Panya aliyekufa kwanza ndipo akagandishwa hulala alivyolazwa. Hawa walikuwa wakitafuta joto. Waliingizwa kwenye friza wakiwa hai.

Kijana hakukana. Alikuwa na hasira, akaniuliza: "Mtaalamu, shikamoo, lakini hebu niambie ukweli. Huku kijijini panya tunamwekea sumu, tunampiga kwa fagio, anabanwa na mtego mpaka asubuhi, na hakuna anayeuliza. Huyu wa kwenda kumezwa na nyoka ndiye afe kwa heshima? Haya si mambo ya wazungu tu?"

Nilimjibu nusu kwenye simu kabla salio halijakatika. Nusu nyingine ndiyo hii. Swali lake ni la zamani, na wazungu wenyewe waliulizana hivyo hivyo kwa miaka mingi kabla ya kubadilika.

Tuanzie London, maana ndiko nyoka walikofungwa kwa wingi na kulishwa mbele ya watu. Kabla ya bustani za wanyama tunazozijua leo, wanyama wa mfalme wa Uingereza walifugwa katika ngome iitwayo Tower. Mtunzaji wao miaka ya 1820 aliitwa Alfred Cops. Siku moja alimpelekea nyoka mkubwa aina ya boa kuku, akamshika kuku huyo kwa mkono. Nyoka alikuwa karibu kujivua gamba. Wafugaji wa nyoka wanajua kwamba katika siku hizo jicho lake hufunikwa na utando, haoni sawasawa. Akamkosa kuku, akauma kidole gumba cha Cops, kisha akajizungusha mkononi na shingoni mwake. Waliomsikia walikimbilia, wakang'ang'ana na nyoka mpaka meno yakavunjika, ndipo mtu akapona. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba mkono wa binadamu haufai kushika chakula cha nyoka, ingawa ilichukua muda mrefu kwa koleo refu kuwa jambo la kawaida.

Mwaka 1828 Jumuiya ya Zoolojia ya London ilifungua bustani yake ya wanyama, na mwaka 1847 umma ukaruhusiwa kuingia kwa kulipa. Mwaka 1849 likafunguliwa jengo la nyoka na mijusi, la kwanza la aina yake duniani. Watu walifurika. Na walichokipenda kuliko vyote kilikuwa saa ya kula. Sungura, simbilisi na ndege waliingizwa hai ndani ya vizimba, umati ukasubiri nje ya kioo. Akina mama walikuja na watoto wao.

Si wote waliofurahi. Mwandishi Charles Dickens alikuta nyoka wakilishwa hivyo, akamwandikia rafiki yake John Forster kwamba picha ile ilikataa kumtoka akilini. Lakini watetezi walikuwa na jibu, na hoja iliyorudiwa mara kwa mara ilikuwa kwamba nyoka hali kitu kilichokufa. Ukimnyima kilicho hai, atakufa njaa. Wengine wakaongeza kwamba ndivyo porini kulivyo, binadamu aingilie nini?

Cha kuchekesha ni kwamba ushahidi wa kuwapinga ulikuwa ndani ya jengo lile lile. Katikati ya karne hiyo boa mmoja wa bustani hiyo alimeza blanketi lake la kujifunikia. Zima! Wiki kadhaa zikapita ndipo akalitapika. Blanketi halikimbii wala halipigi kelele. Nyoka anayeweza kumeza blanketi hahitaji sungura anayetetemeka mbele yake.

Hoja ya porini nayo ina shimo. Porini panya ana tundu la kukimbilia, na nyoka ana nafasi ya kuondoka asipotaka vita. Ndani ya kizimba cha kioo hakuna mwenye pa kwenda, na aliyewaweka pamoja ni mtu.

Turudi kwa yule kijana na fagio lake. Sheria ya Uingereza ya kuzuia ukatili kwa wanyama ilianza mwaka 1822, na ilimlinda nani? Farasi, ng'ombe, kondoo na wenzao: mnyama mwenye bei sokoni. Mwaka 1835 wakaongezwa mbwa na wengine wa nyumbani, na michezo ya kupiganisha wanyama ikapigwa marufuku. Panya alibaki nje ya mlango. London ilikuwa na viwanja vya kamari ambako panya walimwagwa shimoni, mbwa akatumbukizwa, na watu wakaweka dau kuhusu muda atakaotumia. Mbwa mmoja aitwaye Billy aliua panya 100 kwa dakika tano na nusu mwaka 1823, na jina lake likaingia kwenye magazeti. Viwanja hivyo viliendelea miaka mingi baada ya sheria ya 1835, maana nani atampeleka mtu mahakamani kwa ajili ya panya?

Lakini viwanja hivyo hivyo vilizaa kitu kingine. Wawindaji panya waliowapelekea mzigo waligundua kwamba mara moja moja hunasa panya mweupe au mwenye mabaka. Maarufu kati yao alikuwa Jack Black, aliyejiita mwindaji panya wa Malkia. Habari zake tunazo kwa sababu Henry Mayhew alimhoji kwa kitabu chake kuhusu maskini wa London. Black aliwatenga panya wa rangi, akawazalisha, akawauza kwa wasichana waliotaka kuwafuga ndani. Panya mmoja alikwenda shimoni kwa mbwa, ndugu yake akakaa kwenye kizimba kizuri akipewa mkate. Wajapani walikuwa wamewatangulia, maana mwaka 1787 kilichapishwa huko kitabu cha namna ya kufuga panya wa rangi. Uingereza ikapata chama cha kitaifa cha wafugaji wa panya wadogo mwaka 1895, chenye maonyesho na tuzo kama tunavyofanya na mbuzi wa maziwa siku ya Nane Nane.

Sasa nifike kwa mtu ambaye ningependa kila mfugaji wa ukurasa huu amjue.

Abbie Lathrop alikuwa mwalimu katika jimbo la Illinois, Marekani. Aliacha kazi, akahamia mji mdogo wa Granby, Massachusetts, na karibu mwaka 1900 akaanza ufugaji wa kuku. Kuku wakamtupa. (Wangapi wetu hapa hawajatupwa na kuku?) Akageukia panya wadogo wa rangi, akianza na wachache tu, akilenga kuwauzia wapenzi wa panya. Badala yake barua za oda zikaanza kutoka kwa wanasayansi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Harvard. Banda lake likafikia panya zaidi ya 11,000. Aliwalisha shayiri na biskuti kavu zilizoingia kwa mapipa, na aliwalipa watoto wa jirani senti 7 kwa saa wasafishe vizimba. Aliandika kumbukumbu: nani kazaa na nani, nani kaugua nini. Alipoona uvimbe kwenye ngozi za baadhi yao hakuwaficha wala kuwauza kimya kimya. Alituma sampuli kwa wataalamu, na hapo ukazaliwa utafiti mkubwa wa saratani aliouandika pamoja na Leo Loeb. Alifariki mwaka 1918. Panya jike wake aliyeandikwa namba 57 ndiye chanzo cha ukoo ambao mpaka leo unatumika maabara duniani kote.

Namleta Lathrop kwa sababu yeye na wenzake ndio waliomfanya panya kuwa mfugo. Huko Philadelphia, mwaka 1906, Taasisi ya Wistar ilianza ukoo wake wa panya weupe wakubwa. Ukubwa wa kizimba, chakula, idadi ya majike kwa dume, umri wa kuachisha kunyonya, vyote vikajulikana. Bila maarifa hayo asingekuwepo panya wa kulishia nyoka wa kuzalishwa kwa wingi, safi, wa umri unaotakiwa. Kijana wetu mwenye kibanda ni mjukuu wa Abbie Lathrop kwa kazi.

Na mfugo unapokuwa mfugo, swali la namna unavyokufa haliepukiki. Sisi hatuhitaji kufundishwa hili na mtu wa mbali. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na machinjio yetu anajua kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya mnyama, na mbuzi mmoja asichinjwe mwenziwe akitazama. Wazee walituwekea hayo kabla ya afisa ugani yeyote kufika.

Kilichobadilika kuhusu nyoka

Ningependa kuandika kwamba watu waliacha kuwapa nyoka panya hai kwa sababu ya huruma tu. Si kweli. Huruma ilifungua mlango, lakini waliousukuma ni wenye nyoka waliochoka kupata hasara.

Hapa nina kisa changu, na sikisimulii kwa kujivunia. Mwaka wangu wa pili kazini mtu mmoja wa mjini aliyekuwa na chatu aliniomba nimtafutie panya. Mimi nilikuwa na mkulima aliyesumbuliwa na panya ghalani, nikaona nitaua ndege wawili. Tulinasa panya sita wakubwa kwa mtego wa kizimba, nikawabeba kwenye debe lenye matundu. Yule bwana alimtumbukiza mmoja jioni, akafunga, akaenda kulala. Chatu alikuwa na jicho la buluu, yaani yupo karibu kujivua gamba, kama yule boa wa Cops, na nyoka katika hali hiyo mara nyingi hana hamu ya kula. Panya alikuwa hajala tangu asubuhi. Usiku kucha alikula alichokiona, na alichokiona ni mgongo wa nyoka. Nilipoitwa asubuhi uti wa mgongo ulikuwa unaonekana. Nyoka alichukua wiki tatu kufa. Watu hudhani mwenye meno ya kuogopwa ni nyoka. Panya amepewa meno yasiyoacha kuota, na akiona hana pa kukimbilia huyatumia.

Visa vya namna hiyo vilirundikana katika bustani za wanyama na kwa wafugaji binafsi. Nyoka waliopofuka, waliooza vidonda. Ndipo ikajaribiwa kwa uvumilivu hoja ya kwamba nyoka hali kilichokufa, na ikaanguka. Walio wengi hula. Nyoka hutafuta chakula kwa ulimi unaokusanya harufu, na chatu ana pia vishimo midomoni vinavyohisi joto. Ukimpa panya aliyekufa akiwa baridi kama jiwe, kwa chatu huyo ni kama sahani tupu. Ukimpa mwenye joto la mwili, ukamtikisa kidogo kwa koleo, anampiga na kumzungushia mwili kana kwamba yu hai.

Friza ilimaliza kazi. Friza za majumbani zilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mfugaji hakulazimika tena kuwa na panya hai kila wiki. Na ufugaji wa nyoka majumbani ulipokua Marekani na Ulaya, panya waliogandishwa wakawa biashara kamili, wakipangwa kwa ukubwa kuanzia vitoto vya siku moja visivyo na manyoya. Mmoja wa nyoka waliopendwa zaidi huko anaitwa nyoka wa mahindi. Wengine husema ni kwa sababu ya mabaka ya tumboni yanayofanana na punje, wengine kwa sababu alikutwa kwenye maghala ya mahindi akiwinda panya. Mkulima atajua lipi la kuamini. Mwingine ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Wakulima wa Ghana, Togo na Benin wamekuwa wakimfukua kwenye mashimo ya panya mashambani mwao, naye husafirishwa kwenda kuuzwa nje. Huyu ana sifa ya kugoma kula kwa miezi, na ndiye anayewajaribu wamiliki kurudi kwenye panya hai.

Namna ya kuua ina historia yake

Mwaka 1884 daktari wa Kiingereza, Benjamin Ward Richardson, alitengeneza chumba cha gesi kwa ajili ya makazi ya mbwa wa mitaani ya Battersea, London, ili mbwa wasio na mwenyewe wafe kwa kulala usingizi badala ya kupigwa. Lilikuwa jaribio kubwa la kwanza la kuuliza kitaalamu: mnyama huyu anasikia nini dakika yake ya mwisho? Mwaka 1900 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulinda wanyama wa porini waliofungwa, na humo nyoka akatajwa kwa kundi lake. Mwaka 1926 Charles Hume akaanzisha katika Chuo Kikuu cha London jumuiya ya ustawi wa wanyama, na mwaka 1947 jumuiya hiyo, ikiwa na jina jipya, ikatoa kitabu cha kutunza wanyama wa maabara. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kikatoa ripoti yake ya kwanza kuhusu kuua bila mateso mwaka 1963, na kimekuwa kikiirekebisha tangu hapo.

Katika marekebisho hayo kuna mambo yanayomhusu kijana wetu moja kwa moja. Kumgandisha mnyama aliye na fahamu hakukubaliki. Watu hudhani baridi humlaza polepole, lakini mnyama mwenye damu ya moto hupambana nayo mpaka anashindwa, na lile rundo ndani ya mfuko ndilo ushahidi. Kuzamisha majini nako hapana. Moshi wa pikipiki hapana, maana ni wa moto na mchafu, unachoma pua na macho kabla ya kuua.

Gesi ya kabonidioksaidi inakubalika kwa masharti. Iwe ya mtungi, ya aina inayotumika kwenye mashine za soda. Panya wawe kwenye chombo chao walichozoea, gesi iingie taratibu na si kwa mkupuo, na wabaki humo dakika kadhaa baada ya pumzi kukoma. Fanyia nje, maana gesi hiyo haichagui panya na mtu. Hata hivyo wataalamu bado wanabishana, kwani gesi hiyo huwasha pua na panya huikimbia akipata nafasi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: vitoto vya siku chache havifi upesi kwa gesi. Vimeumbwa kuvumilia hewa kidogo, na vinaweza kuhitaji karibu saa nzima. Mtu akivitoa mapema akidhani vimekufa, vinaamkia ndani ya friza.

Kwa mwenye panya 60 kwa mwezi mimi napendekeza njia ya mkono, yaani kuvunja shingo kwa tendo moja. Inafaa kwa panya wadogo, na kwa wale wakubwa wasiozidi gramu 200. Ikifanywa sawasawa ni suala la sekunde. Ikifanywa kwa mkono unaositasita ni ukatili mtupu, kwa hiyo usijifunze kutoka kwenye maandishi haya. Nenda kwa daktari wa mifugo wa kata, akuonyeshe kwanza kwa panya aliyekwisha kufa, urudie mpaka mkono uzoee. Wengine wasiwaone wala kunusa damu. Hakikisha kila mmoja amekufa kweli: hapumui, moyo haupigi, ukigusa jicho halipepesi.

Kisha mlaze kwa ubavu, mkia umenyooka, kwenye mfuko usioingiza hewa, andika tarehe, ndipo friza. Mnunuzi atamyeyusha usiku kucha kwenye jokofu, atamtia joto akiwa ndani ya mfuko kwenye maji ya kadiri ya kumwogeshea mtoto mchanga, atamkausha, atamtoa kwa koleo refu jioni. Unene wake usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Asipoliwa mpaka asubuhi, atupwe. Asirudishwe kugandishwa.

Na usafi. Kati ya mwaka 2008 na 2010 watu wa Uingereza na Marekani, watoto wakiwemo, waliugua salmonela, na ufuatiliaji ukaishia kwa panya waliogandishwa wa kulishia nyoka. Friza haiui vijidudu hivyo, huvilaza tu. Friza ya panya isiwe ya samaki wala ya barafu za watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Hapa kwetu

Nyoka wetu wanajulikana duniani kwa sehemu kubwa kupitia kwa C.J.P. Ionides, aliyekuwa bwana nyama kule Liwale, kisha akaishi Newala akikamata nyoka kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama mpaka miaka ya 1960. Wanavijiji walimletea habari za nyoka waliowaona, naye akawalipa. Nairobi ikafungua bustani yake ya nyoka mwaka 1961. Mwaka 1980 James Ashe, aliyewahi kuisimamia bustani hiyo, alianzisha shamba la nyoka Watamu, pwani ya Kenya, ambako nyoka hukamuliwa sumu inayohitajika kutengenezea dawa ya walioumwa. Nyoka wa kukamuliwa hula panya kama wengine. Nyoka mwenye jeraha au mwenye njaa si nyoka wa kazi hiyo.

Kuna anayeuliza: kwa nini nifuge, wakati panya wa shambani ni bure? Kwa sababu hujui amekula nini jana. Amekula sumu ya jirani, pengine, na bado anatembea. Na kwa sababu ya magonjwa. Wenzetu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa: tauni ilizuka kwao mwaka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, nayo huletwa na viroboto wa panya. Usimguse panya pori kwa mkono mtupu, achilia mbali kumuuza.

Nikumbushe pia kwamba kufuga nyoka kwahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kabla hujaingia gharama ya kibanda, mwombe mnunuzi akuonyeshe chake. Na Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu. Kwa hiyo swali la "mambo ya wazungu" tulishalijibu wenyewe, bungeni kwetu.

Bado sijamjibu kuhusu fagio na mtego. Kusema kweli hapo alinibana, kwa sababu mtego ule wa kunata ninaoukuta kwenye maduka yetu yote unaua kwa siku nzima, na sijawahi kuandika neno juu yake. Nitaandika.

Jana kijana alinipigia tena, safari hii kwa utulivu. Wale 60 amewafukia kwenye shimo refu chini ya migomba. Ijumaa anakwenda kwa daktari wa mifugo. Mnunuzi amekubali kupokea 20 kwa majaribio, kwa sharti kwamba mfuko utafunguliwa mbele yake na panya watatazamwa mmoja mmoja walivyolala.